Lini ukate, lini uache: kupogoa maua ya bustani Dar es Salaam

Maelekezo mengi ya kupogoa maua yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanasema subiri theluji iyeyuke, kata mwezi wa tatu. Mtu wa Tabata au Kigamboni akiyafuata hayo, masika yanamkuta na vidonda vibichi kwenye matawi, na bogenvilia yake inapanda majani matupu hadi juu ya ukuta, ua hakuna. Wengine hawafuati maelekezo yoyote. Hukata pale tu panapokuwa na shughuli nyumbani, wageni wanakuja, uwanja uonekane safi. Siku ya shughuli ukuta umenyolewa, na maua yanatoka wakati maturubai yameshafunguliwa zamani.

Dar unapogoa kwa kufuata mvua. Kabla hujashika mkasi jiulize mambo mawili: mmea huu hutoa ua kwenye tawi jipya au tawi la zamani? Na mvua, zimepita au zinakuja?

Tawi jipya na tawi la zamani

Nianze na haidrenjia, yale maua makubwa ya mviringo, ya bluu au waridi, yanayojaa kwenye picha za harusi. Watu wengi wanayatamani, na ndiyo yanayoonyesha vizuri kwa nini wakati wa kukata una uzito. Aina inayojulikana zaidi, yenye majani mapana na asili ya Japani, huandaa chipukizi la ua kwenye matawi ya msimu uliopita. Ukiikata kwa kuchelewa, umekata maua ya msimu ujao yakiwa bado hayaonekani kwa macho. Ndiyo maana hukatwa mara tu ua linaponyauka: unashuka kwenye tawi mpaka jozi ya kwanza ya machipukizi yaliyonenepa, unakata juu yake kidogo, basi. Zipo haidrenjia nyingine zinazochanua kwenye matawi mapya, na hizo huvumilia kukatwa sana, lakini ukiambiwa tu "haidrenjia" bila jina lingine, chukulia ni ile ya kwanza.

Kwa Dar kuna tatizo jingine. Chipukizi la ua la haidrenjia hiyo linahitaji wiki kadhaa za ubaridi, chini ya nyuzi 18 hivi, ili likamilike. Kwetu usiku wa Julai ndio unashuka karibu na nyuzi 18 au 19, na mchana joto linarudi. Kwa hiyo ile uliyonunua ikiwa na maua kwenye chungu itakupa majani mazuri, na maua yatasuasua. Lushoto au Njombe ni habari nyingine. Ukiwa nayo Mbezi Beach, iweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nne, usiiache ikauke udongo, kata ua lililonyauka, na usiipogoe zaidi ya hapo. Mimi nisingetumia pesa nyingi kwayo hapa mjini.

Uzuri ni kwamba mimea mingi inayostawi Dar haina masharti hayo. Bogenvilia, hibiskasi, waridi, alamanda, iksora na asumini zote huchanua kwenye machipukizi mapya. Ukizikata kwa wakati wake, unaita maua. Kinachobaki ni huo wakati.

Kalenda yenyewe

Masika huanza Machi na kuishia Mei. Juni hadi Agosti ni kipupwe, kuna upepo wa kusi, hewa kavu kidogo na jua lisilochoma sana. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, kisha Januari na Februari kiangazi kinabana.

Upogoaji mkubwa ufanye mvua za masika zinapokatika, kwa kawaida kuanzia wiki ya kwanza au ya pili ya Juni. Usikate kwa kuangalia tarehe peke yake. Chimba udongo kwa kidole: juu pawe pamekauka, chini bado kuna unyevu. Hapo mmea una maji ya kutosha kusukuma matawi mapya, na matawi hayo yatakomaa udongo ukiwa unaendelea kukauka. Kwa bogenvilia mfuatano huo ndio unaoleta maua mazito ya Julai na Agosti.

Upogoaji mdogo, wa kupunguza tu, ufanye Januari vuli ikishapita. Usiende mbali. Jua la Februari likipata gamba ambalo siku zote lilikuwa kivulini, linalichoma, na utaona mpasuko mrefu kwenye shina upande wa magharibi.

Ndani ya masika yenyewe, acha. Kidonda cha mti kinachoshinda na maji ndicho mlango wa ukungu, na kila unachokata kipindi hicho kinarudi kikiwa kirefu, laini na cha majani. Ondoa tu kilichovunjika au kinachomchoma mpita njia.

Kukata maua yaliyonyauka hakuna msimu. Hilo fanya mwaka mzima, jioni, ukiwa unamwagilia.

Zana, na maneno ya kumwambia fundi

Unahitaji mkasi wa kupogolea, ule wenye makali mawili yanayopishana, kwa matawi yasiyozidi unene wa kidole gumba. Kwa manene zaidi tumia msumeno mdogo wa mkono. Panga liweke mbali. Panga halikati tawi la maua, linalichana, na pale lilipochanika gamba ndipo tawi litakauka kurudi nyuma. Futa makali kwa spiriti ukitoka mmea mmoja kwenda mwingine, hasa ukishagusa tawi lenye ugonjwa. Kwa bogenvilia na waridi vaa glavu za ngozi, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika. Kandambili haziwezi mwiba wa bogenvilia.

Kama kazi anaifanya kijana wa bustani, usimwambie "nisafishie hapa" halafu ukaondoka kwenda kazini. Neno hilo kwa mafundi wengi maana yake ni kunyoa. Simama naye nusu saa, mfungie vitambaa kwenye matawi yanayobaki, mwonyeshe kwa mkono urefu unaoutaka. "Kaka, hili libaki, hili likate hapa, juu ya jicho hili." Jicho ni pale jani linaposhikana na tawi. Akikata mawili matatu mbele yako atashika, na mwaka ujao hutahitaji kumsimamia.

Bogenvilia, hatua kwa hatua

Hii naipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye kuta za jiji hili, na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Anza na vilivyokufa. Kwangua gamba kwa ukucha: ukiona kijani tawi lina uhai, ukiona kahawia kavu likate mpaka ufike kwenye kijani. Baada ya hapo mmea unaonekana vizuri, na mara nyingi utagundua kazi ni ndogo kuliko ulivyodhani.

Sasa tafuta matawi yaliyosimama wima kutoka chini ya shina, manene, marefu, yenye miiba mikubwa na nafasi pana kati ya jani na jani. Hayo hula chakula na hayachanui. Yakate pale yanapoanzia kwenye shina, bila kuacha kisiki. Bakiza moja tu kama kuna pengo ukutani unalotaka kuliziba, na hilo lilaze na kulifunga kwa kamba, maana tawi lililolala hutoa vichipukizi vingi vya pembeni, na maua hukaa kwenye vichipukizi hivyo.

Kisha nenda kwenye matawi yaliyochanua msimu uliopita. Yafupishe kwa theluthi moja, au nusu kama mmea ulishakuzidi nguvu. Kila tawi libaki na angalau macho matatu au manne. Kwenye bogenvilia, penye jicho mara nyingi utaona mwiba hapohapo. Kata nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, kwa mshazari, maji yatiririke upande wa pili. Ukikata juu sana kisiki kinaoza. Ukikata kwa kugusa jicho, limekufa.

Bogenvilia iliyoachwa miaka kumi mpaka ikalala juu ya bati, usiishushe yote kwa siku moja. Huwa inavumilia, lakini nyumba itabaki na ukuta mtupu miezi mingi. Mwaka huu chukua nusu ya mashina makuu, yashushe hadi kimo cha kiuno, mwaka ujao umalizie.

Siku hiyo ya kukata mwagilia maji mengi yashuke chini, weka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kuzunguka shina bila kuligusa. Ukitumia mbolea ya dukani, chukua yenye virutubisho vilivyolingana kama NPK 17-17-17, kiasi kidogo. Urea usiweke. Ina naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni ni chakula cha majani. Kuna watu wanailaumu mbegu, wanailaumu aina waliyouziwa barabarani, kumbe wameilisha urea mwaka mzima na kuimwagilia kila asubuhi.

Machipukizi mapya yakifika urefu wa shubiri, kata ncha zake kwa kucha. Kila ncha moja itagawanyika mbili au tatu. Fanya hivyo mara moja, kisha acha kabisa. Hatua hii ya kuacha ndiyo inayowashinda wengi. Ua la bogenvilia linakuja kuelekea mwisho wa tawi hilo jipya, na mtu anayepitisha mkasi kila wiki mbili ili uzio wake uonekane umenyooka anakata maua kila mara yanapotaka kutoka. Ukitaka uzio ulionyooka siku zote panda kitu kingine.

Kuanzia hapo punguza maji. Subiri majani yaanze kulegea mchana ndipo umwagilie, na umwagilie ya kutosha. Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini, sehemu zenye kiangazi cha kweli. Umepewa jina la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake wa 1766 hadi 1769 ulipita Brazili. Ukame kidogo ndio unaouambia mmea kwamba wakati wa kuchanua umefika. Iliyopandwa ardhini kwenye mchanga wa Kigamboni, ikishakomaa, mara nyingi haihitaji kumwagiliwa kabisa kipupwe.

Kuhusu kuondoa maua yaliyokwisha: ile sehemu yenye rangi ni majani matatu yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kile kimrija cheupe katikati, kila jani na chake. Vimrija hukauka mapema, rangi ikabaki wiki kadhaa, kwa hiyo usikimbilie kukata. Rangi ikififia na kuwa kama karatasi kuukuu, tikisa tawi kwa mkono, kisha kata kile kishada mpaka jani la kwanza lenye afya. Upepo wa kusi utakusaidia nusu ya kazi hii, ingawa wa kulalamika atakuwa jirani.

Waridi

Mwaridi hukatwa sana Juni, kama bogenvilia: toa yaliyokufa, toa yanayosuguana, fungua katikati ya kichaka hewa ipite, fupisha yaliyobaki kwa theluthi hadi nusu. Hewa ni muhimu kwetu kuliko kwa watu wa baridi. Unyevu wa Pwani huleta madoa meusi kwenye majani, na kichaka kilichosongamana hukosa majani kabisa kufikia mwisho wa masika. Majani yenye madoa yaokote uyatupe mbali. Yakibaki chini ya mti, mvua inayarusha juu tena.

Ua likinyauka usilichume kwa kuvunja shingo tu. Shuka kwenye kikonyo. Karibu na ua utakuta majani yenye vijani vitatu, chini yake yanaanza yenye vijani vitano. Kata juu ya lile la vitano linalotazama nje, maana jicho lake lina nguvu ya kubeba ua jingine. Baada ya wiki sita hadi nane utaliona. Vichipukizi vinavyotoka chini kabisa, chini ya ule uvimbe wa pale ulipopandikizwa, si waridi lako. Ving'oe vikiwa vidogo.

Kama maji ya kisima chako yana chumvi, mwaridi ndio utakaokuonyesha kwanza, kwa kingo za majani kuungua. Hapo mkasi hausaidii kitu. Kinga maji ya mvua, au panda bogenvilia.

Asumini

Mwasumini una bahati, kwa sababu kuuchuma ndiyo kuutunza. Nyumba ambayo maua yanachumwa kila jioni kwa ajili ya nywele, mto au vikuba vya bi harusi, mti hauchoki kuchanua. Penye mti usiochumwa, kata ncha za matawi mara tu kishada kinapoisha, urefu wa vidole vinne hivi. Upogoaji mkubwa ufanye kipupwe: shusha mti mpaka kimo cha goti au paja, toa majani yaliyobaki, weka samadi. Utauona umekuwa mbaya kwa muda. Vumilia.

Iksora, hibiskasi na alamanda

Iksora huchanua kwenye ncha kabisa, na hukua polepole. Mkasi mkubwa wa uzio ndio adui yake, kwa kuwa kila ukipita unaondoa ncha zote zilizokuwa zinajiandaa. Kata kishada kimoja kimoja kilichokauka, ushuke hadi jozi ya kwanza ya majani. Kama majani mapya yana manjano na mishipa ya kijani, sababu kwa kawaida si kupogoa. Iksora hupenda udongo wenye tindikali kidogo, na iliyopandwa chini ya ukuta mpya inakunywa chokaa ya saruji iliyomwagika wakati wa ujenzi. Ihamishe, au ondoa udongo ule na kifusi chake, weka mboji.

Hibiskasi haina haja ya kukatwa maua yaliyonyauka. Ua lake hufungua siku moja, likajikunja na kuanguka lenyewe. Pogoa theluthi ya matawi Juni, theluthi nyingine mwezi unaofuata, iliyobaki baada ya hapo. Ukikata yote siku moja utakaa miezi miwili hadi mitatu bila ua. Ukiona unga mweupe kwenye ncha na majani yamejikunja, hao ni wadudu: kata ncha hizo, zifunge kwenye mfuko, usizitikise bustanini.

Alamanda ikate Juni kwa theluthi, na uwe mwangalifu na utomvu wake, unawasha ngozi. Watoto na mbuzi wawe mbali na mabaki.

Frangipani: hii usiiguse ovyo

Hii haifuati wenzake. Kishada cha frangipani hutoka kwenye ncha ya tawi, na kikiisha tawi hugawanyika mawili au matatu ambayo kila moja litabeba kishada chake baadaye. Kila ncha unayoikata ni kishada ulichokikosa. Pogoa tu ukiwa na sababu, mti ukiwa umepukutisha majani wakati wa ukavu, kabla hayajarudi. Kata pale tawi linapoungana na jingine. Utomvu mweupe unadondoka sana na unawasha; osha mikono kabla ya kugusa macho.

Ukiwa na shughuli

Kama unataka maua siku fulani, hesabu kurudi nyuma. Waridi na bogenvilia zipe wiki sita hadi nane tangu siku ya mkasi, hibiskasi zaidi. Harusi ya katikati ya Agosti, kata nusu ya pili ya Juni, na utaoga maua. Krismasi ni ngumu zaidi: unapaswa kukata mwisho wa Oktoba, vuli ikianza, na mvua ikiwa nzuri bogenvilia itachagua majani. Kwa Desemba ningetegemea iksora na hibiskasi, na bogenvilia za kwenye vyungu ambazo unaweza kuzisogeza chini ya baraza zisinyeshewe.

Mabaki

Matawi ya bogenvilia hayaendi kwenye mfuko wa taka. Yanautoboa, yanamchoma anayeubeba, na mwiba ukibaki barabarani unamsubiri wa bodaboda. Yakate vipande vya mkono mmoja, yaache juani siku chache yanyauke, yafunge kwa kamba, umwambie wazi mzoa taka kuna nini ndani.

Kabla ya hapo, chagua vipande vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye matawi yaliyokomaa. Toa majani, chomeka theluthi mbili kwenye mchanga wenye mboji kidogo, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Vingine vitakufa, vingine vitatoa mizizi, na vuli ikifika una miche ya kugawa.

Na tawi lililofika kwenye nyaya za umeme halina hatua za mwongozo huu. Usipande ngazi, usimpandishe kijana. Piga simu TANESCO waje wakate wao.